Kanga Mbili na Daftari la Wodi

Hotuba kwa wahitimu wa uuguzi na ukunga

Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri usiku kucha kuja kuwashuhudia vijana wenu, na ninyi wahitimu wenyewe: hongereni, na karibuni kazini.

Niliombwa nizungumzie umuhimu wa utafiti katika afya ya mama na mtoto. Mada ya namna hiyo ina hatari yake. Msemaji hupanda jukwaani, hutaja mashirika, humwaga asilimia, watu hupiga makofi, kisha wote huelekea kwenye chakula. Nimeona niipunguze. Nitazungumzia kazi zilizochapishwa za mtu mmoja, Mtanzania mwenzetu, marehemu Dk. Godfrey Mbaruku, daktari wa akina mama na uzazi aliyefanya kazi Kigoma na baadaye Taasisi ya Afya Ifakara. Na hata hizo sitazimaliza. Nimechagua zile ambazo mkunga akizisoma vizuri, kesho yake anafanya jambo tofauti akiwa zamu. Zipo tafiti nyingi ambazo hazimbadilishi mtu yeyote isipokuwa mwandishi wake, naye hubadilika cheo tu.

Tuanze Kigoma, mwisho wa reli. Mwaka 1995 jarida la Health Policy and Planning lilichapisha makala ya Mbaruku na mwenzake Staffan Bergström, daktari kutoka Sweden, kuhusu vifo vya akina mama katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma. Wazazi mliopo hapa mnakumbuka miaka ya 1980 ilivyokuwa: sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na hospitali zinasubiri dawa kama raia wanavyosubiri unga. Katika hali hiyo Mbaruku alikuwa na kila sababu ya kuandika barua Dar es Salaam kuomba msaada, kisha akakaa kusubiri majibu. Yeye alifungua madaftari.

Walirudi nyuma kwenye kumbukumbu za 1984 hadi 1986, na cha kwanza walichokutana nacho ni upungufu wa daftari lenyewe. Mengi hayakuwa yameandikwa. Nataka tusimame hapa kidogo, maana mtu asiyefanya kazi wodini anaweza kudhani kifo ni jambo lisiloweza kupotea. Kinapotea, tena kirahisi. Mama amejifungua leba, siku ya pili amepata homa, amehamishiwa wodi ya wanawake, amefia huko siku ya sita. Kwenye kitabu cha leba yeye ni mzazi aliyetoka salama na mtoto wake. Mwingine ameletwa na ndugu zake, mimba ya miezi minne imeharibika, damu imemwishia. Akifariki anaandikwa "upungufu wa damu", na neno mimba halionekani popote. Mwingine amefia mapokezi kabla hajapewa kitanda. Hawa wote ni vifo vya uzazi, na hakuna hata mmoja anayehesabiwa kama aliyeshika kalamu hakujali. Hospitali inayopunguza vifo kwa njia hiyo inaweza hata kupata cheti cha pongezi.

Baada ya daftari zikaja hatua 22, zilizotekelezwa kuanzia 1987 hadi 1991. Ningependa kuzipitia zote lakini Mkuu wa Chuo ameshaanza kutazama saa. Nyingine ni zile mngezitegemea: damu ya kuongeza ipatikane, antibayotiki zitumike inavyotakiwa, dawa muhimu zisikosekane, utaratibu wa kuhudumia kila aina ya mgonjwa uandikwe na ujulikane, wagonjwa mahututi wapewe rufaa kwa masharti yanayoeleweka. Vifaa vitengenezwe kwa ratiba, visisubiri kufa. Maabara iweze kuotesha vimelea, ili daktari asiwe anabahatisha dawa ya homa ya uzazi. Na kwa kuwa maji ya dripu hayakuwa ya kutegemea, wakaona hospitali yenyewe iwe na kitengo kidogo cha kuyatengeneza.

Lakini zipo hatua ambazo kila nikizisoma natabasamu, kwa sababu ni za mtu aliyewahi kukesha. Mojawapo ilihusu umbali wa nyumba za watumishi muhimu kutoka hospitalini. Nani mwingine angeandika hilo kwenye mpango wa kupunguza vifo? Fikirini upasuaji wa saa nane usiku. Anahitajika wa kupasua, wa usingizi, wa kuandaa vyombo, na wa maabara wa kupima damu. Watatu wamefika. Wa nne anaishi upande wa pili wa mji, gari la hospitali halina mafuta, dereva anatafuta pa kukopa. Mama yuko mezani, mtoto tumboni mapigo ya moyo yanashuka, na watu watatu wenye ujuzi wote unaohitajika wamesimama wakitazama mlango. Kwenye faili sababu ya kifo itaandikwa "kupasuka kwa mji wa mimba". Ni kweli, lakini hata ile nyumba iliyo mbali ilichangia, nayo haina nafasi kwenye fomu.

Hatua nyingine ilihusu malalamiko ya wananchi kuhusu huduma. Yaani malalamiko yaliingizwa katika tiba, sambamba na damu na antibayotiki. Nyingine ilikuwa kuwahamasisha wenyeji kuchangia fedha. Na nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba zote, ilikuwa vikao vya mara kwa mara vya kupitia kilichotokea, kila mtu akijua wajibu wake ni upi.

Matokeo: vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Nizipe hesabu hizo umbo la wodi. Chukua hospitali yenye vizazi 2,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha kwanza, itawapoteza akina mama 18 au 19. Kwa kiwango cha pili, chini ya wanne. Jengo ni lilelile, mkoa ni uleule, na uchumi wa nchi bado ni wa kuunga unga.

Sasa, ninyi mmefundishwa somo la utafiti, kwa hiyo mna haki ya kunyanyua mkono. Hapakuwa na hospitali ya kulinganisha nayo. Ni kabla na baada, na mtu anaweza kuuliza kama akina mama waliokuja mwishoni walikuwa wa aina ileile na wale wa mwanzo. Tena hatua 22 zikienda pamoja, huwezi kusema kwa hakika ni ipi iliyookoa wangapi. Pingamizi hizo ni halali. Nami naongeza moja inayoelekea upande wa pili: kama kumbukumbu za mwanzo zilikuwa pungufu, na baadaye zikatunzwa vizuri zaidi, basi vifo vingepaswa kuonekana vikiongezeka kwenye karatasi. Vilishuka.

Kuhusu vile vikao, niseme la moyoni. Leo nchi nzima ina utaratibu wa kupitia kila kifo cha mama na cha mtoto mchanga. Mtavikuta vikao hivyo huko muendako. Vingine ni vizuri sana. Vingine vimegeuka mahakama, na mshtakiwa ni yuleyule kila mara: nesi mdogo kuliko wote aliyekuwa zamu peke yake na wazazi tisa. Kikao kikiwa mahakama, watu hujifunza kuandika faili la kujitetea. Masaa yanarekebishwa, mapigo ya moyo ya mtoto yanajazwa baada ya tukio kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, na hapo tumerudi 1984.

Upande wa watoto, kundi la Mbaruku lilichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa vifo vya watoto wanaofia tumboni mama akiwa kwenye uchungu wa kujifungua, au ndani ya wiki ya kwanza ya maisha, huko huko magharibi mwa Tanzania. Walitumia mfumo wa ucheleweshaji wa aina tatu ambao Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliuandikia mwaka 1994, na ambao mmeukariri kwa mitihani: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tumezoea kunyoosha kidole kwenye ile ya kwanza. Mama hakuja mapema, mume alikataa, mkwe alimpa mitishamba. Katika uchambuzi ule, ucheleweshaji uliojitokeza zaidi ulikuwa wa tatu, wa kwetu sisi, ndani ya geti.

Tutoke hospitalini sasa, twende nyumbani. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2004–05, vizazi vilivyofanyika kwenye vituo vya afya Tanzania vilikuwa asilimia 47 tu. Zaidi ya nusu ya watoto walizaliwa nyumbani, wengi mikononi mwa wakunga wa jadi. Na kinachoua haraka kuliko vyote baada ya mtoto kutoka ni damu. Kitabu kinasema mililita 500 ni hatari. Mkunga wa jadi kule Kasulu au Kigoma vijijini, saa saba usiku, mwanga wa kibatari, mililita atazipimaje? Mizani hana, chupa hana, na damu imemwagika kwenye nguo, kwenye mkeka na kwenye udongo.

Ndipo Ndola Prata, Mbaruku na Martha Campbell wakaiangalia kanga. Kila mzazi anayo, na aliyekuja kumsaidia anayo. Kanga zetu hutengenezwa kwa vipimo vinavyokaribiana, karibu mita moja kwa mita moja na nusu, kitambaa cha pamba. Kwa hiyo kiasi cha damu ambacho kanga moja hukinywa hadi kulowa kinaweza kujulikana. Mkunga humtandikia mzazi kanga. Ya kwanza ikilowa chapachapa anaiondoa na kutandika nyingine. Ya pili ikilowa, mstari wa mililita 500 umevukwa. Hapo hakuna kujadiliana tena kama damu ni nyingi au ni ya kawaida. Makala hiyo ilitoka 2005, na ni fupi ajabu.

Katika utafiti mwenzake wa mwaka huohuo, wakunga wa jadi wa eneo moja walifundishwa kwamba kanga mbili zikilowa wampe mama palepale vidonge vya misoprostoli, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ipungue. Wa eneo la pili walitakiwa kumkimbiza mama kwenye kituo kama ilivyokuwa kawaida. Kati ya waliotokwa na damu nyingi, waliopelekwa kituoni walikuwa chini ya wawili katika kila mia kwenye eneo la vidonge, na 19 katika kila mia kwenye eneo la pili. Najua wapo wenzangu ambao hadi leo hawapendi utafiti ule, kwa hoja kwamba unawahalalisha wakunga wa jadi na kuwabakiza akina mama nyumbani. Nawaelewa. Lakini mama anayevuja damu usiku ule hana muda wa kusubiri sera yetu ikomae.

Na msidhani shida ya kukadiria damu ni ya mkunga wa jadi peke yake. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio kubwa liitwalo E-MOTIVE, lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusu akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwenye hospitali zilizoendelea na mazoea ya kukadiria kwa macho, waliotokwa na damu nyingi walitambuliwa karibu nusu tu. Wakunga waliosoma, wenye taa ya umeme na koti jeupe, wakawakosa nusu! Kwenye hospitali nyingine mama aliwekewa chini ya nyonga mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, na mstari ukifikiwa hatua zote za tiba zikaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi. Huko walitambuliwa zaidi ya tisa katika kila kumi, na madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60. Wazo ni lile la kanga mbili, miaka 18 baadaye. Siku mkikosa ule mfuko, na mtaukosa, maana stoo zetu mnazijua, kanga bado iko begani kwa mama mkwe.

Nitapita haraka kwenye utafiti wa madaktari wasaidizi, si kwa kuwa ni mdogo, bali haki yake ni hotuba nzima. Mbaruku, Colin McCord na wenzao walipitia upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali 14 za Mwanza na Kigoma, upasuaji mkubwa zaidi ya elfu moja, wakauliza kama mama aliyepasuliwa na daktari msaidizi alipata matokeo mabaya kuliko aliyepasuliwa na daktari mwenye shahada. Hawakuona tofauti ya maana. Na madaktari wasaidizi ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Kilichonigusa zaidi ni kazi zake alizoandika na Margaret Kruk na wengine. Huko Kasulu waliwafuata majumbani wanawake waliojifungulia kwenye vituo, wakakuta zaidi ya wanne katika kila kumi walikipita kituo cha karibu na kwenda cha mbali. Mtu ana uchungu, zahanati iko pale chini ya mwembe, naye anaipita. Kwa nini? Wakawapa wanawake wa vijijini michoro ya vituo vya kubuni, viwili viwili, wachague: hiki kiko karibu lakini hakina dawa, kile kiko mbali lakini wahudumu wana lugha nzuri, hiki ni bure, kile kina gharama. Mambo mawili yaliyopewa uzito mkubwa kuliko yote yalikuwa mhudumu mwenye heshima na uwepo wa dawa na vifaa. Umbali haukushika nafasi ambayo wapangaji wengi wangeipa. Na wakakadiria kwamba mambo hayo mawili yakirekebishwa kwenye vituo vilivyopo, bila kujenga hata kimoja kipya, wanaotaka kujifungulia kituoni wangepanda kutoka asilimia 43 hadi 88. Makala hiyo ni ya 2009.

Ndipo tukafika Tanga, kwenye mradi wa Staha, ambao ulikwenda kuuliza swali ambalo hospitali nyingi hazipendi kuulizwa: je, ulipokuwa ukijifungua ulitukanwa, ulipigwa, ulitelekezwa, ulidharauliwa? Akina mama waliulizwa wakati wanatoka kituoni, mtoto mkononi. Asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakaulizwa tena. Asilimia ikawa 28.

Hesabu hizo mbili nataka mzishike. Pale getini mama bado yuko mikononi mwetu. Mtoto anaweza kuugua usiku huohuo na itabidi arudi, tena amkute sista yuleyule. Hivyo anasema alihudumiwa vizuri, anashukuru, anaondoka. Nyumbani kwake, ameketi kwenye mkeka wake, ndipo anasema alivyoachwa peke yake hadi kichwa cha mtoto kikatoka, na maneno aliyoambiwa alipolia. Kila sanduku la maoni lililotundikwa ukutani kwenye korido zetu linapima yale majibu ya getini.

Halafu walijaribu kurekebisha. Jamii na watumishi wakakaa pamoja kuandika mkataba wa huduma, na hospitali ikaanzisha utaratibu wake wa kuboresha mambo hatua kwa hatua. Utafiti uliotoka 2017 ulionyesha uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa karibu theluthi mbili ukilinganisha na hospitali ambayo haikupata mpango huo. Marekebisho mengi yalikuwa madogo na ya bei nafuu. Hayakuhitaji watu wazuri zaidi kuajiriwa; walewale waliokuwa wakifoka ndio walioacha kufoka.

Hili linawahusu kuliko lilivyotuhusu sisi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 unaonyesha vizazi vinavyofanyika vituoni vimefika asilimia 81, na vifo vya akina mama vimeshuka hadi 104 kwa vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika uchunguzi wa 2015–16. Wengi sasa wanakuja kwetu. Hatuwezi tena kumsingizia mkunga wa jadi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wiki ya kwanza kituoni, kabla hamjajua hata chai inanunuliwa wapi, chukueni rejesta ya wodi ya wazazi ya mwaka uliopita, na ya wodi ya wanawake, mziweke pamoja. Tafuteni mama aliyetoka kwenye moja akaingia kwenye nyingine. Ulizeni wa usingizi anaishi wapi. Ulizeni damu ya usiku inafuatwa na nani, kwa usafiri gani. Msimwambie mtu kwamba mnafanya utafiti, maana mtaambiwa mlete kibali. Semeni mnajifunza kazi, na itakuwa kweli.

Mtunza maktaba amenisaidia kutoa nakala, ziko mezani pale mlangoni. Ile ya Kigoma ya 1995 ina kurasa nane. Ya kanga ina mbili. Anayeogopa Kiingereza aanze na hiyo, na akikwama anipigie simu.

Asanteni kwa kunisikiliza.